Nasoma diwani, nalia, lakini siwezi kueleza nimesoma nini

"Nina umri wa miaka 43, nafanya kazi ya usafi katika jengo la ofisi. Shule niliishia darasa la saba. Mwaka jana ofisi moja ilipokuwa inahama walitupa katoni la vitabu, nikaokota diwani yenye mashairi ya watunzi mbalimbali, ya zamani na ya sasa. Tangu hapo naisoma kila nikipata nafasi: wakati wa mapumziko, ndani ya basi, usiku watoto wakishalala. Mengi siyaelewi. Kuna shairi nimelisoma zaidi ya mara tano na bado sijui linasema nini, ila kila nikifika ubeti wa tatu machozi yananitoka. Mwenzangu mmoja aliyesoma chuo alicheka, akasema mashairi yana wenyewe, na kwamba bila kujua fasihi najidanganya tu. Nusu ya pili ya kitabu haina hata vina, sijui kwa nini nayo inaitwa mashairi. Je, nitafute kwanza kitabu cha kanuni, au kamusi, au niache? Usiku herufi huwa zinacheza, sijui ni uchovu au ni ugumu wa maneno. Nina pia daftari la mistari yangu mwenyewe, lakini hilo naona aibu hata kulitaja."

Dada yangu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na naona kinachokusumbua si maneno magumu peke yake. Unajiona kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi, kisha yule mwenzako akaja kukwambia kwamba wenye nyumba wamekuona. Nianze na hilo, maana likinyooka mengine yatakuwa mepesi.

Kwamba mashairi yana wenyewe, ni kweli. Ila mwenzako amekosea kuwataja. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840, na diwani yake haikuchapwa hadi 1940. Kwa miongo kadhaa tungo zake zilikaa vinywani mwa watu, na waliozitunza ni wale waliozipenda wakazikariri. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, alikuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hakwenda shule, tungo alizibeba kichwani. Haji Gora Haji, aliyezaliwa Tumbatu mwaka 1933, alikuwa mvuvi, baharia na mchukuzi wa mizigo. Naye alisoma chuo, lakini ni chuo cha Kurani. Leo wasomi wa vyuo vikuu ndio wanaochambua mashairi yake. Na gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, lilipokea mashairi ya wasomaji wake wenyewe. Mmoja akitunga, mwingine anamjibu kwa shairi, wa tatu anaingilia kati.

Hapo kwenye kujibizana nataka tukae kidogo, na nitakupeleka mbali kwa sababu yuko mtu ningependa umjue. Mwaka 1730 huko Uingereza zilichapwa tungo za Stephen Duck, kibarua wa kupura nafaka, na mojawapo ilieleza kazi za shamba mwaka mzima. Duck mwenyewe alipata taabu kama yako. Inasimuliwa kwamba alipolipata Paradise Lost, lile shairi refu la John Milton, ilimbidi alipitie mara mbili tatu akiwa na kamusi kabla halijamfungukia. Basi katika utungo wake Duck aliwakejeli wanawake wa shambani kwamba wanapiga soga kuliko wanavyofanya kazi. Mfua nguo mmoja, Mary Collier, alizipenda tungo za Duck hata akazikariri. Kisha akakasirika. Mwaka 1739 akatoa jibu, The Woman's Labour, akamkumbusha kwamba wanawake nao wamo shambani, na wakitoka huko wanapika na kuhudumia watoto, na usiku wa manane wengine wako mlangoni kwa tajiri wakisubiri wafunguliwe waanze kufua na kusugua vyombo. Aliendelea na kazi ya kufua hadi uzeeni. Kazi yake haiko mbali na yako, na ndiyo maana nimemtaja.

Tazama alichofanya. Hakuna aliyemwambia aeleze dhamira ya Duck. Alilisoma shairi kama maneno ya mtu anayesema naye, akayaweka kichwani, akaona pa kumkubali na pa kumpinga, akamjibu. Huyo ni msomaji kamili wa ushairi, na kwa jinsi ulivyouandika ujumbe wako, hatua ya kwanza umeshaipiga.

Sasa kwa nini huelewi? Sababu ziko kadhaa, na ni vizuri uzitenganishe, kwa sababu dawa zake hazifanani.

Ya kwanza ni shule. Wengi wetu tulikutana na shairi likiwa na maswali chini yake: mshairi anatuambia nini, taja vina vya kati na vya mwisho, hesabu mizani, andika ubeti wa pili kwa lugha ya nathari. Sina ugomvi na mazoezi hayo, yanampa mwalimu kitu cha kusahihisha. Ila yanaacha imani mbaya kwamba shairi lina jibu moja, na jibu hilo analo mwalimu. Mtu akishamaliza shule mwalimu hayupo tena, kwa hiyo anajiona hana pa kulipata. Wewe unasema hujui shairi lile "linasema nini". Nina hakika ukiulizwa ni nani anayesema, anasema na nani, na ana furaha au ana uchungu, utajibu bila shida. Anzia hapo. Kwa mashairi mengi, maswali hayo matatu yanakufikisha mbali kuliko kutafuta dhamira.

Ya pili ndiyo kubwa, na inahusu sikio. Shairi la Kiswahili la mtindo wa zamani limetengenezwa kwa ajili ya koo. Chukua tarbia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti: kwa kawaida kila mshororo una vipande viwili, na kila kipande kina mizani nane, yaani silabi nane. Mtunzi lazima atoshe humo, tena kina kiangukie mahali pake. Nimetunga mishororo miwili sasa hivi ili uone, usiitafute kwenye kitabu chako:

Sakafu naipangusa, usiku haujakwisha,
Nguvu zangu nazitesa, watoto wangu kulisha.

Hesabu kwa vidole: sa-ka-fu-na-i-pa-ngu-sa, nane. Kwa maneno ya kawaida ungesema, "Napangusa sakafu na usiku bado haujaisha, najitesa ili niwalishe watoto wangu." Sakafu imetangulizwa ili "sa" iangukie kwenye kina cha kati. "Kulisha" imesukumwa mwisho ikutane na "haujakwisha". "Ili niwalishe" imebaki "kulisha" tu, kwa sababu nafasi haitoshi. Wenye taaluma wanauita huu uhuru wa mshairi: kufupisha neno ni inkisari, kulirefusha ni mazida, kubadili herufi yake ni tabdila, na kupindua mpangilio wa maneno ni kuboronga sarufi. Usiyakariri majina hayo. Nimekutajia ili ujue kwamba sentensi inapoonekana imepinduka, kichwa chako kiko sawa. Imepinduliwa kwa makusudi.

Jicho linalosoma kimya halipendi sentensi iliyopinduka. Linatafuta nani katenda nini, likikosa linarudi nyuma, likirudi mara tatu linachoka. Sikio lina subira zaidi. Likishashika mdundo wa nane kwa nane linajua kipande kitaishia wapi, kwa hiyo linangoja, na maneno yanajipanga yenyewe yakishatimia. Kwa hiyo soma kwa sauti, ukipumzika kwenye mkato wa katikati na mwisho wa mshororo. Kwenye basi tingisha midomo tu. Nyumbani mwambie mtoto mmoja akusomee huku wewe unafanya jambo lingine. Kabla hujafanya hivyo usilihukumu shairi lolote lenye vina kwamba ni gumu, maana hujalisikia bado.

Ya tatu ni maneno yenyewe, na hapa ugumu ni wa kweli. Mashairi mengi ya zamani yametungwa kwa lahaja za Lamu na Mvita. Utakuta "mato" badala ya macho, "ndia" badala ya njia, na msamiati mwingi wa Kiarabu uliokuwa wa kawaida kwa watunzi wa wakati ule. Hilo si pengo la darasa la saba. Profesa aliyekulia mbali na pwani naye anafungua kurasa za nyuma. Angalia mwisho wa diwani yako, au chini ya kurasa: nyingi zina sehemu inayoitwa sherehe, ambako maneno magumu yamefafanuliwa. Watu huwa wanairuka.

Halafu kuna fumbo. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa maandishi ya kisiasa, na humo kifungoni alitunga kwa siri, akiandika kwenye karatasi za chooni. Diwani iliyotokana na hayo, Sauti ya Dhiki, ilitoka mwaka 1973, na ndani yake kuna shairi la mamba na lingine la ndugu wawili wanaogombea mnazi. Ukisoma ukaona mamba tu na mnazi tu, pengine umekwama pale pale ambapo askari jela alipaswa kukwama. Tungo za namna hiyo huhitaji habari kidogo za nje: zilitungwa lini, na mtunzi alikuwa na ugomvi na nani. Utangulizi wa kitabu mara nyingi unatosha.

Na iko sababu moja wasiyokuambia: mashairi mengine ni mabovu. Mtunzi alihitaji kina cha "ka" akasukuma neno lolote lenye "ka". Jinsi usivyoyaelewa hayo, ndivyo nasi tusivyoyaelewa. Fungua ukurasa unaofuata.

Nije kwenye machozi. Mwenzako anasema unajidanganya. Sikubaliani naye, ila sitakwambia pia kwamba machozi ni ushahidi wa kuelewa. Mtu anaweza kulizwa na shairi la ovyo kwa sababu neno moja limegusa msiba wake mwenyewe. Lakini kama ni ubeti ule ule kila mara, kuna kitu mtunzi amekiweka pale, na sikio lako limekikamata kabla hujapata maneno ya kukieleza. Kitafute. Nakili ubeti huo kwa mkono kwenye karatasi, kisha badilisha neno moja kwa neno jingine lenye maana hiyo hiyo, usome tena kwa sauti. Rudisha, badilisha lingine. Utafika kwenye neno ambalo ukiliondoa ubeti unapoa. Pengine si neno bali ni ukimya wa mkato, au kituo, yaani mshororo wa mwisho wa ubeti, kilichorudiwa kwa mara ya tatu kikiwa sasa na uzito ambao mwanzoni hakikuwa nao. Ukishapajua mahali hapo, una jambo la kumwambia mtu yeyote kuhusu shairi hilo, awe amesoma chuo au hakusoma.

Kuhusu kanuni na kamusi, usiache kusoma, na usianze na vitu hivyo viwili. Kitabu mashuhuri cha kanuni, cha Kaluta Amri Abedi, kilitoka mwaka 1954. Utendi wa Tambuka, shairi refu la zamani, una tarehe ya 1728. Watu walitunga, wakaghani na kusikiliza kwa karne nyingi bila mwongozo uliochapwa. Kanuni zinamfaa zaidi anayetunga, na kwa kuwa una daftari, utazihitaji siku moja. Kamusi ilete kwenye usomaji wa tatu. Wa kwanza kwa sauti bila kusimama, wa pili ukijibu yale maswali yangu matatu, wa tatu ndipo utafute maneno, tena yale machache tu yaliyokuzuia. Ukianza na kamusi utakuwa unasoma kamusi. Na ujue kwamba kamusi ya Kiswahili sanifu haitakupa kila neno la lahaja. Mtu mzima aliyekulia kwenye lahaja hiyo anaweza kukupa ndani ya dakika moja neno ulilolitafuta wiki nzima. Kusoma na watu kuna hasara yake, mara nyingine mwenye sauti kubwa ndiye aliyekosea, lakini bado naona faida ni kubwa kuliko kusoma peke yako na kujilaumu.

Nusu ya pili ya kitabu chako, ile isiyo na vina, ni mashairi huru. Hapo mwenzako ana hoja kidogo, nami nitakuwa mkweli. Mtindo huo ulipata nguvu miaka ya 1970 kwa watunzi wengi waliotokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1974, na mzozo ukawa mkali: wanamapokeo walisema kisicho na vina na mizani si shairi la Kiswahili, wanamabadiliko wakasema vina vimekuwa pingu. Mzozo huo haujafa. Maoni yangu ni kwamba ni mashairi, na mengine ni mazuri sana, lakini kwa anayeanza peke yake ni magumu kuliko yale ya zamani, ingawa maneno yake yanaonekana mepesi. Mdundo uliokuwa ukilisaidia sikio haupo, na kazi yote imeachiwa picha na mahali mstari unapokatwa. Kwa hiyo yaweke kando kwa sasa bila kuyatukana. Ukiyarudia, jiulize kila mara kwa nini amekata mstari pale. Usipopata sababu hata moja katika shairi zima, una haki ya kumshuku mtunzi.

Kuna jambo ambalo washauri wa usomaji hupenda kulipita kimya, nalo ni uchovu. Baada ya zamu ya kusimama na kuinama, kichwa hakibebi shairi la beti 20. Usijilazimishe kumaliza diwani, diwani haimalizwi kama riwaya. Shairi moja kwa wiki linatosha kabisa. Kariri ubeti mmoja na kituo chake, uende nao kazini, kwa sababu mikono ikiwa na ndoo na kitambaa kitabu hakishikiki, ila ubeti unashikika. Wasokota sigara wa Cuba walilitambua hilo tangu mwaka 1865: wafanyakazi walichanga kutoka ujira wao wakamlipa msomaji akae mbele na kuwasomea kwa sauti, maana kazi yao ilichukua mikono na macho lakini iliacha masikio huru. Sikuahidi kwamba ushairi utakuongezea mshahara au kukupunguzia zamu. Hautafanya hivyo.

Daftari lako lisikutie aibu. Kama unataka pa kuanzia, mjibu mtunzi wa shairi linalokuliza. Mwambie alipopatia, mwambie asichokijua. Tumia vina ukiviweza, na ukipoteza mizani utakuwa umetunga guni, hakuna kosa la jinai hapo. Kumwonyesha mtu ni hiari yako. Ila siku ukitaka kuchapisha, tahadhari moja: akitokea mtu kukwambia shairi lako limeshinda na unatakiwa ulipe kwanza ndipo litokee kitabuni, usitoe hata senti.

Mwisho, mambo ambayo mimi siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Herufi kucheza usiku ukiwa na miaka 43 huenda kusihusiane kabisa na ushairi. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa, na maandishi ya karibu huanza kufifia, hasa penye mwanga hafifu. Sogeza kitabu mbali kidogo na uso: yakitulia, huenda unahitaji miwani ya kusomea tu, lakini nenda ukapimwe, usinunue kwa kubahatisha. Kama unaona maandishi mawili mawili, au jicho linauma na kuwa jekundu, au uoni umepungua ghafla, usingoje, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa kusoma kumekuwa kugumu tangu utotoni hata mchana kweupe na hata kwenye barua ya kawaida, mweleze mwalimu wa elimu ya watu wazima, kuna njia za kufundishwa zinazofaa hali hiyo. Na kama machozi hayaishii kwenye ubeti wa tatu, kama yanakufuata kazini na kukunyima usingizi kwa wiki mbili au zaidi, fungua moyo kwa mtu wa karibu unayemwamini na umwone mhudumu wa afya. Kitabu unaweza kwenda nacho.